Hila ya Mtegaji katika Miteremko ya Kilimanjaro

Msasi achukuaye mkuki hutegemea mguu wake, mbwa wake na pumzi ya kifua chake, lakini mtegaji hutegemea miguu ya mnyama mwenyewe, kwa kuwa kazi yake yote ni kujua mahali ambapo mnyama huyo, kwa hiari yake na kwa tamaa yake, atapita kesho alfajiri. Kwa sababu hiyo tarehe ya mitego katika miteremko ya Kilimanjaro ni tarehe ya maarifa kuliko ya nguvu. Na kwa kuwa maarifa yakikutana na dola huulizwa cheti, ni tarehe pia ya sheria zilizoamua hila ya nani ihesabiwe mchezo wa waungwana na hila ya nani ihesabiwe jinai.

Ardhi yenyewe iliwapa Wachaga sababu ya kutega. Ukanda wao wa makazi, yaani ukanda wa vihamba, wenye migomba iliyopandwa kwa kubanana na mifongo iletayo maji kutoka mabondeni, umelala takriban kati ya meta 1,000 na meta 1,800, na umeshikwa baina ya pori mbili: chini yake nyika kavu inayokwenda hadi Kahe, Ziwa Jipe na malisho ya Wamasai, na juu yake msitu mkubwa wenye ukungu, unaopanda mpaka mahali miti inapokoma na vichaka vya baridi kuanza. Mwenye kihamba alikuwa, kwa hali hiyo, na majirani wa pande mbili asiowaalika. Nguruwe, tumbili na nyani walishuka kutoka msituni kudai sehemu yao ya mahindi, ulezi na ndizi. Na ndovu nao walikuwa na njia zao za kale za kupanda na kushuka, ambazo mojawapo, ile ya Kitendeni upande wa kaskazini, inaunganisha hata leo msitu wa mlima na tambarare za Amboseli. Katika mazingira hayo mtego ulianza, bila shaka, kama bawabu wa shamba, ndipo baadaye ukawa chanzo cha kitoweo, cha vazi na cha mali.

Kwa wanyama wakubwa chombo kilikuwa rima, shimo refu lililochimbwa katikati ya njia yao, pana kinywani na jembamba kitakoni, ili mnyama akitumbukia miguu yake ibanane na uzito wake mwenyewe umzuie asiinuke. Kuchimba hakukuwa elimu; kila mwenye jembe na kiuno kizima aliweza. Elimu ilikuwa katika kuficha. Udongo mpya una rangi yake na harufu yake, na ndovu ni mnyama wa hadhari, ainusaye ardhi kwa mkonga kabla ya kuikabidhi mguu; kwa hiyo udongo uliotoka shimoni haukufaa kuachwa kando, sharti uchukuliwe mbali, na juu ya kinywa cha rima zilazwe fito nyembamba, na juu ya fito majani, na juu ya majani takataka zile zile za msituni zilizokuwapo tangu jana. Mahodari wa kazi hii katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki waliongeza jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kilele cha ufundi wao: waliweka juu ya rima samadi ya ndovu. Hapo mtego ulipita daraja ya kuficha ukafika daraja ya kushuhudia uongo, maana mnyama aonaye alama ya mwenzake aliyetangulia huondokewa na nusu ya wasiwasi wake, na nusu iliyobaki haimtoshi.

Wageni wa karne ya 19 waliopita katika nyika baina ya Taveta na vihamba walikuwa na haja kubwa ya kiongozi mwenyeji, na haja hiyo haikuwa ya kujua njia peke yake. Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyetoka Rabai mwaka 1848 akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua safari ile, na ambaye tarehe 11 Mei aliona kile cheupe kileleni ambacho wataalamu wa London walikataa kwa miaka kusadiki kwamba ni theluji, alipita katika nchi ambayo ardhi yake haikuwa ya kuaminiwa na mtu asiyezaliwa humo. Rima halibagui baina ya nyati na mpagazi. Ndiyo sababu mtegaji hakuwa mtu wa siri kabisa, japo kazi yake ilikuwa siri: majirani walistahili kujua alichimba wapi, na aliyenyamaza hata mtu au ng'ombe wa watu akaangamia alikuwa amejitafutia kesi mbele ya Mangi, yaani mtawala wa nchi.

Mangi alikuwa na sababu nyingine ya kuyajali marima, nayo ni pembe. Kwa desturi alikuwa na haki katika pembe za ndovu aliyeanguka ndani ya nchi yake, na haki hiyo, ambayo katika zama za mababu huenda ilikuwa ya heshima zaidi kuliko ya faida, iligeuka kuwa hazina tangu misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pangani, Tanga na Mombasa ilipozoea kufika mlimani kutafuta pembe na watumwa, na kuacha nguo, shanga, nyaya za shaba na, mwisho wa yote, bunduki na baruti. Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, na Sina wa Kibosho, mshindani wake mkubwa, walijenga madola yao juu ya vita na ng'ombe, lakini pembe zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowafanya wajulikane mbali. Na Rindi, mwenye ulimi wa dhahabu na jicho la mfanyabiashara, alifika hata kupeleka wajumbe Berlin mwaka 1889. Nisieleweke vibaya: Wachaga hawakuwa mabingwa wa kwanza wa ndovu katika nchi hizi, na sehemu kubwa ya pembe zilizopita Taveta zilitoka katika mishale yenye sumu ya Wakamba na Wandorobo. Hata hivyo, baina ya anayemfuata ndovu siku nyingi na anayemngoja, yule wa pili alikuwa na nafasi ya kupalilia migomba yake.

Juu msituni, katika giza la mchana ambamo mtu husikia maji kabla ya kuyaona, mitego ilikuwa midogo na ya ustadi mwingine. Humo alikuwamo minde, paa mkubwa mweusi atembeaye usiku peke yake. Humo mbega mwenye joho jeupe mabegani na mkia wa singa. Humo perere, mnyama mdogo wa mitini ambaye ukelele wake wa usiku humtia mgeni hofu ya jambo kubwa kuliko yeye. Elimu ya Ulaya na Marekani iliwapokea wanyama hawa kwa kuchelewa: mbega wa Kilimanjaro aliandikwa na mtaalamu wa wanyama Oldfield Thomas mwaka 1885, baada ya msafiri Harry Johnston kukaa miezi kadhaa mwaka 1884 katika nchi ya Mandara, nao minde na perere wa mlima waliandikwa na mtaalamu mwingine, Frederick True, mwaka 1890, kutokana na ngozi na mafuvu yaliyokusanywa na Mmarekani William Louis Abbott. Vitabu hutaja wakusanyaji kwa majina. Vijana wa Marangu na Moshi, waliojua shina lipi perere hulishuka saa ngapi, na waliotoa maarifa hayo kwa gora la nguo au kwa kisu, hawakuandikwa popote, ingawa pasipo wao huenda Abbott angeshuka na daftari tupu.

Perere alikuwa na thamani ya peke yake, kwa sababu ngozi yake ni laini na nzito, na ngozi nyingi zikishonwa pamoja hutoa joho la kuushinda ubaridi wa mlima. Mnyama huyu ana tabia ya kushika njia moja: hutoka katika tundu la mti na kupita tawi lile lile na shina lile lile lililoinama. Mtegaji aliyelitambua shina hilo, kwa kuangalia gome lililolainika kwa makucha na uchafu uliorundikana chini, hakuwa na haja ya chambo chochote. Tanzi la kamba moja lililofungwa mahali panapostahili lilitosha. Minde naye alitegewa kwa tanzi lililofungwa kwenye mti mchanga uliopindwa, ambao kijiti kidogo kikifyatuka hurudi juu kwa ghadhabu. Mbega, aliyetafutwa na wapiganaji wa Kichaga na wa Kimasai kwa ajili ya mapambo ya vita, na baadaye na wafanyabiashara wa Ulaya kwa ajili ya mabega ya mabibi wa miji ya baridi, alikuwa na msiba mkubwa zaidi, kwa kuwa rangi yake nyeupe humwonyesha mbali na bunduki haikuhitaji hila.

Kwa ndege hila ilirudi katika utimilifu wake, maana ndege hana njia ardhini, na asiye na njia sharti aitwe. Wavulana katika vihamba, kama wavulana wa pwani, walitumia ulimbo wa utomvu uliopakwa vijitini. Na aliyekuwa na ndege hai tunduni, chiriku au kwale, alimfanya mnadi wa mtego. Jambo hili limefikishwa mbali zaidi magharibi ya Kenya, miongoni mwa Waluhya na Wajaluo, ambao huwatundika tombo dume katika vikapu juu ya mti mrefu, vikapu vikipangana wima, ili sauti zao zisafiri katika mashamba yaliyovunwa na kuwashusha tombo wapitao mahali ambapo matanzi yamekwisha kutandikwa nyasini. Aliyesimama karibu na mti kama huo kabla ya jua kupanda atakiri kwamba ni vigumu kuona haya kwa niaba ya tombo wa tunduni: huimba kwa dhati, wala hajui anamwimbia nani.

Na kama mtu angedhani kwamba hizi ni hila za watu wasio na viwanda, na amtazame mwindaji wa Marekani ya Kaskazini na bata bukini wake weupe, wale waitwao bata wa theluji, ambao hutua kwa maelfu katika mashamba ya mpunga ya Texas. Mlima wetu una theluji bila kuwa na ndege huyo; wao wana ndege, na theluji huitengeneza. Wawindaji wa huko wamekwisha kutandaza matopeni matambara meupe, karatasi za magazeti na mabawa ya ndege waliokufa, ili kundi lipitalo juu lidhani kwamba wenzao wanakula kwa amani. Na Wakree wa pwani za Ghuba ya Hudson hufinyanga mabonge ya matope na kuyachomeka mabawa meupe kwa kusudi lilo hilo. Katika pango la Lovelock, Nevada, mwaka 1924 walifukuliwa bata wa kusukwa kwa matete wenye umri wa miaka kama 2,000. Serikali ya Marekani ilikataza ndege hai wa kuitia mwaka 1935, kwa kuona kwamba hadaa imezidi kipimo. Mwaka 1999, bata weupe walipozidi mno hata kuharibu majani ya nchi za baridi walikozalia, ikaruhusu sauti za mashine dhidi yao. Basi kipimo cha hadaa hupanda na kushuka kwa hesabu ya ndege, na hapana aibu kukubali hivyo.

Lakini mtego ulioheshimiwa kuliko yote katika Kilimanjaro haukuua mtu wala mnyama, nao ni mzinga wa nyuki. Watu huusahau wanapoorodhesha mitego, kwa sababu hauna damu. Ilhali mwenye mzinga hufanya kila afanyacho mtegaji mwingine: hujua majira, huchagua mti, huificha harufu yake na kutia harufu impendezayo mgeni anayemngoja, akipaka nta ndani ya gogo lililochongwa ili bumba la nyuki litafutalo makao lione kana kwamba nyumba hii iliwahi kukaliwa na wenziwe wakaiona njema. Samadi juu ya rima na nta ndani ya mzinga ni maneno mamoja yaliyosemwa kwa viumbe wawili.

Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika nchi ya Wachaga mwaka 1902 na kukaa kwa sehemu kubwa Moshi ya Kale mpaka mwaka 1938, aliandika juu ya ufugaji nyuki wa Wachaga, katika andiko lililotoka mwaka 1922, mambo ambayo yalisafiri hata James Frazer wa Uingereza akayataja katika kitabu chake. Mti wa kuchonga mizinga, ambao aghalabu ni mringaringa, haukukatwa kama kuni. Mwenye mti aliuhesabu kuwa dada yake, na kuukata kukawa ni kumwoza. Aliuendea na vitu vya arusi, maziwa, pombe na asali, akasema nao kama kaka asemavyo na dada anayeondoka nyumbani, akimweleza kwamba anapewa mume, wala hauzwi wala hatupwi. Siku ya kukata hakuonekana. Wakataji walikuja na mashoka yao, nao pia walikuwa na maneno ya adabu kwa mti. Na mti ulipokwisha kulala chini, ndipo mwenyewe alipotokea, kwa haraka ya mtu aliyechelewa, akalia kwamba amenyang'anywa dada yake, na wale watu wakamtuliza mpaka akakubali kilichokuwa kimekwisha kuwa.

Ninaudurusu mwenendo huu kwa muda mrefu kuliko inavyolazimu, kwa sababu ndani yake hila imegeuzwa adabu. Hakuna aliyedanganyika: mwenye mti alijua siku ya shoka, wakataji walijua kwamba atakuja na machozi yaliyotayarishwa, na hapana shaka watoto waliochungulia vichakani walilijua lote. Lakini mtu aliyelazimika kuoza dada kila alipotaka gogo hakuweza kukata miti kumi kwa asubuhi moja, na hili ni jambo ambalo maafisa wa misitu waliokuja baadaye na nyundo za kupigia chapa walichukua muda mrefu kulifikia kwa njia zao.

Zama za maafisa zilianza na Mjerumani Hermann von Wissmann, yule aliyevunja ngome ya Sina wa Kibosho mwaka 1891, ambaye akiwa gavana alitoa mwaka 1896 amri ya uwindaji iliyodai kibali na ada, na kutenga hifadhi mbili za kwanza za wanyama katika koloni la Wajerumani, moja upande wa Rufiji na nyingine magharibi ya Kilimanjaro. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli, mwana wa Rindi, alinyongwa na Wajerumani Moshi ya Kale pamoja na wakuu wengine. Na tarehe 19 Mei mwaka huo huo mataifa yenye makoloni yalitia sahihi London mkataba wa kuwahifadhi wanyama wa Afrika, ambao pamoja na mengine ulitaka matumizi ya nyavu na marima yapunguzwe kadiri iwezekanavyo. Mambo haya mawili hayakupangwa na mkono mmoja, lakini mwana wa Kichaga aliyeishi mwaka ule alipoteza ndani ya miezi mitatu Mangi aliyekuwa na haki ya pembe, na, huko London asikokujua, haki yake ya kuchimba shimo ikaanza kutiwa mashakani.

Waingereza waliendeleza jengo lile lile: amri ya kuhifadhi wanyama ya mwaka 1921, pamoja na msitu wa mlima kutangazwa hifadhi ya serikali katika mwaka huo, kisha sheria ya mwaka 1951; na Jamhuri baada yao, kwa sheria ya mwaka 1974 na ile Na. 5 ya mwaka 2009. Rima, tanzi na sumu vilitiwa katika fungu la yaliyokatazwa. Siwezi kusema kwamba vilikatazwa bila haki, maana tanzi halijui umri wala mimba, na mnyama aliyenaswa huweza kuteseka siku mbili mtegaji akiwa harusini. Linaloniudhi ni jingine. Katika vitalu vya uwindaji vya kaskazini mwenye leseni huruhusiwa kutundika paja la nyama mtini, akajificha katika kibanda cha matawi, akamngoja chui jioni. Na hicho, kwa hesabu yoyote ya haki, ni chambo na ni mtego, ila anayefyatuka ni mtu badala ya kijiti. Hila ile ile iliyomtia babu gerezani imempa mgeni picha ya kutundika ukutani.

Pamoja na sheria, vifaa vyenyewe vilipotoka. Kamba ya nyuzi huoza; tanzi lililosahauliwa msituni baada ya masika mawili lilikuwa uchafu mtupu. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, na waya za simu, na baada yake magari yenye tairi ambazo ndani yake mna nyuzi za chuma, mtegaji alipata tanzi lisilooza, lisilokatwa kwa meno, lililoweza kuua miaka baada ya aliyelitega kuhamia mjini. Hapo ndipo, nadhani, ujuzi wa kale ulipoharibika kwa kweli: mwenye kamba chache alilazimika kujua shina la perere, lakini mwenye waya mia hana haja ya kujua kitu.

Elimu ya nyayo ilihamia mahali pengine. Mwaka 1963 kilifunguliwa Mweka, juu ya mji wa Moshi na karibu na mpaka wa msitu, chuo cha kufundisha Waafrika usimamizi wa wanyamapori, ambacho wahitimu wake wametawanyika katika hifadhi za nchi nyingi za bara hili. Humo, na katika doria za askari wa hifadhi, kusoma gome lililolainika na kijiti kilichopindwa ni somo kama lilivyokuwa kwa vijana wa kihamba, kwa kusudi lililopinduka: hutafutwa mtego badala ya mnyama. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyotangazwa mwaka 1973 kwa sehemu ya juu ya mlima, ilipanuliwa mwaka 2005 ikaumeza msitu wote, na kwa mtegaji wa zamani mlango wa juu ukafungwa.

Mzinga peke yake ulibaki halali. Unaonekana katika vihamba na kandokando ya ule ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 chini ya msitu ili wananchi wapate kuni na mbao, na mahali pengi gogo la mringaringa limepishwa na sanduku la mbao lenye viunzi. Badiliko hilo limeleta jambo ambalo Gutmann hakulikuta: mzinga wa kale ulitundikwa juu sana, na kupanda mti usiku na moto mkononi ilikuwa kazi ya wanaume, lakini sanduku hukaa juu ya nguzo fupi, na leo wanawake wana mizinga yao, huipaka nta wao wenyewe majira ya nyuki kuhama yanapokaribia, na kurina asali yao bila kumwomba mtu kupanda.